Ana meza au anameza? Vitendawili vya maneno katika jioni za Mangina



Jioni moja tulikaa katika kiwanja cha familia moja inayopokea wahamaji hapa Mangina. Kijana mmoja akauliza: "Seremala wa kwetu anameza toka asubuhi hadi jioni, lakini hashibi. Kwa nini?" Watu wakajaribu. Mmoja akasema seremala huyo ni mgonjwa. Mama mmoja akasema anameza mate tu, kwa sababu waliomwagizia kazi hawajamlipa. Kijana akatikisa kichwa: "Seremala ana meza. Ameitengeneza, bado haijauzwa."

Watu walicheka sana. Waliocheka walikuwa wenye nyumba pamoja na familia iliyokuja kwa miguu kutoka upande wa barabara ya Mambasa. Kwa majuma matatu watu hao walikuwa wakichota maji kwa zamu yenye uchungu, wakisalimiana kwa shida. Hatusemi kwamba kicheko kile kilimaliza ugomvi wa bido za maji. Kesho yake ulianza tena. Lakini kilituonyesha jambo ambalo tunataka kulieleza katika toleo hili: neno moja linaweza kuwa na maana mbili, na mtu aliyezoea kuuliza "unasema maana ipi?" ni vigumu kumdanganya kwa uvumi.

Kitendawili ni nini?

Kila mtu hapa amekwisha kusikia kitendawili. Anayeuliza anaita, "Kitendawili!" Wengine wanaitika, "Tega!" Anatega, nao wanajaribu kutegua. Ni kama mtego wa porini: aliyeuweka anajua kamba iko wapi, anayepita lazima aangalie chini.

Vitendawili vingi huchukua kitu cha nyumbani na kukivika nguo nyingine. "Nyumba yangu haina mlango": yai. "Mzungu ametoka Ulaya, mkono kiunoni": kikombe, kwa sababu ya shikio lake. "Wanangu wawili, mchana wanagombana, usiku wanapatana": milango miwili ya nyumba, ambayo mchana kila mmoja uko upande wake na usiku hufungwa pamoja. Hiki cha milango viongozi wanakipenda, na wengine wamekwisha kukitumia katika baraza za upatanisho.

Wazee wa Kinande wanakumbuka kyaghanda, nyumba ya kukutania ambamo wanaume na vijana walikaa kuuzunguka moto jioni. Mama na bibi zao walikuwa na moto wao wa jikoni, na hapo pia watoto walifundishwa kwa hadithi na mafumbo. Jamii nyingine za hapa na za Ituri zina desturi zinazofanana. Vita imevunja mengi ya hayo. Familia inayolala katika chumba cha shule haina moto wake wa jioni, na baba anayerudi giza likiwa limeingia, akiwa amechoka kwa kibarua, hana nguvu ya kufundisha.

Kuna aina ya pili ya vitendawili ambayo vijana wanaipenda zaidi, na ndiyo tunayoishughulikia hapa. Hii haikivishi kitu nguo, inaligeuza neno lenyewe. Kitendawili cha seremala ni cha aina hiyo. Ukikiandika kinakufa mara moja, kwa sababu maandishi yanaonyesha nafasi kati ya "ana" na "meza". Kwa sikio nafasi hiyo haipo. Kwa hiyo kinafaa watu wote, aliyesoma na asiyesoma, na mara nyingi tumeona asiyesoma anatangulia kutegua, kwa sababu amezoea kusikiliza.

Maneno nayo yamehama

Kwa nini neno moja liwe na maana mbili? Sababu moja ni kwamba maneno nayo yana makwao, na yamekutana njiani. "Kumeza" ni neno la asili la lugha zetu za Kiafrika. "Meza" ya kulia chakula ililetwa pwani na Wareno, ambao waliiita karibu vivyo hivyo. Maneno mawili yasiyo na ukoo yakajikuta yanalala katika nyumba moja.

Mfano mwingine unahusu karatasi hii mnayoisoma. Siku moja tuligawa gazeti letu na kumwambia mama mmoja, "Mama, soma makala hii." Alilitazama, akatutazama, akauliza kama siku hizi makala inagawiwa kwa karatasi, maana yeye gunia lake limekwisha na chakula cha watoto bado. Kwetu Kongo makala ni yale meusi ya kupikia. Watu wa Tanzania na Kenya wanayaita makaa. Kwao makala ni maandishi ya gazetini, neno lililotoka katika Kiarabu. Tulicheka naye, lakini tuliona haya pia, kwa sababu tangu siku nyingi tulikuwa tunawaambia watu "makala" na hakuna aliyetuuliza.

Au chukueni neno "bibi". Hapa kwetu mtu akisema "bibi yangu" anamtaja mke wake. Huko Tanzania bibi ni mama mzaa mama au mama mzaa baba. Kijana wa hapa akienda Dar es Salaam na kusema "nimemwacha bibi yangu na mimba", watu watashangaa sana. Huko Kenya wengi humwita mzazi huyo "nyanya", na sisi nyanya tunaitia katika sombe.

Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanya biashara kutoka Zanzibar na pwani. Kikakaa kati ya lugha nyingine nyingi, kikabadilika. Leo Katiba ya mwaka 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lakini Kiswahili cha kitabu cha shule, cha radio, cha soko la Butembo na cha njia ya Mambasa havilingani kila mahali. Wahamaji wanapofika, vinakutana kwenye bomba moja la maji.

Jambo hili si la kuchekea tu. Mangina inalijua. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na hapa katika zone ya afya ya Mabalako ndipo ilipotambuliwa kwanza. Ilikwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Katika wakati ule wengi walikataa kwenda kutibiwa. Sababu zilikuwa nyingi: hofu ya watu wenye silaha, hasira kwamba waliouawa tangu Oktoba 2014 hawakuletewa magari mengi namna ile, na uvumi. Lakini sababu moja ilikuwa maneno. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders liliuliza watu wa Beni, na wengi walisema wanataka kuelezwa katika lugha wanayoielewa, kwa maneno ya kawaida. Neno la Kifaransa au la Kiswahili cha mbali, likisemwa haraka na mtu aliyevaa mavazi ya kutisha, kila mmoja hulijazia maana anayoiogopa.

Siku kicheko kilipokatika

Tunapaswa kueleza na kosa letu. Katika kikundi kimoja cha watoto, tulimwachia kijana mmoja awaongoze wenzake. Alikuwa mcheshi na mwenye vitendawili vingi vya shuleni. Akasema: "Jirani yangu anaua kila asubuhi, na polisi hawamkamati. Kwa nini?"

Jibu lake lilikuwa zuri. Jirani ana ua. Ana ua la bustani, linafunguka kila asubuhi. Katika mji wenye amani watoto wote wangecheka. Hapa msichana mmoja wa miaka tisa hivi alisimama, akatoka nje, akakaa nyuma ya ukuta. Mhamasishaji wetu mwanamke alimfuata na kukaa karibu naye bila kumwuliza kitu. Watoto wengine wakanyamaza. Hata kijana mwenyewe, aliyekuwa bado ameachama kwa kicheko, alielewa.

Tulirudi ofisini tukiwa na aibu, na wengine kati yetu walisema vitendawili vya maneno viachwe kabisa, tubaki na yai na kikombe. Tulibishana siku mbili. Hatimaye tulikubaliana kwamba kosa lilikuwa letu, wala si la mchezo. Hatukusikiliza vitendawili kabla ya kuviruhusu. Tangu siku hiyo neno lile na maneno ya panga, damu na moto wa nyumba hayaingii katika michezo ya watoto.

Lakini kwa watu wazima tulifanya kinyume. Tulilipeleka neno lilelile mbele ya kikao cha viongozi wa kartie, wa wenyeji na wa wahamaji, tukawaambia: "Mtu amekuja mbio kwenu saa mbili usiku. Anasema, 'Fulani ana ua.' Mnafanya nini?" Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka. Mzee mmoja akasema kwamba amekwisha kuona watu wakikimbia na watoto mgongoni usiku kwa neno dogo kuliko hilo. Kiongozi wa wahamaji akaongeza kwamba mgeni ndiye wa kwanza kutiliwa mashaka, kwa sababu hakuna anayemjua baba yake. Neno likipindwa, linamwangukia yeye.

Tukauliza: katika kitendawili, mnafanya nini kabla ya kujibu? Wakasema: tunamrudisha aliyetega aseme tena. Tunauliza ni kitu au ni mtu. Tunauliza kinaonekana wapi. Hayo ndiyo maswali tunayowaomba viongozi wamwulize mleta habari. Umesikia kwa mdomo wa nani? Alisema kwa lugha gani, na neno lenyewe lilikuwa lipi? Umeona kwa macho au umeambiwa? Mtu asiyeweza kurudia neno lenyewe, anarudia hofu yake tu. Hatusemi watu wakae wangoje hatari. Anayesikia risasi akimbie. Tunasema juu ya jina la mtu kutajwa usiku.

Mgeni na jembe

Si kila neno lenye pande mbili ni kitendawili. Mengine ni methali inayotupwa kama jiwe. Mnaijua hii: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika kikao kimoja mwenye nyumba aliisema akitabasamu, na kila mhamaji alielewa alitaka kusema nini. Familia iliyo kwake ilikuwa imekaa miezi saba.

Mama mmoja mzee wa wahamaji alinyosha mkono. Akasema kwa sauti ya taratibu: "Papa, asante. Jembe nipe hata leo. Shamba liko wapi?"

Hakuna aliyecheka kwa muda kidogo, kisha wote walicheka, na mwenye nyumba naye. Yule mama alikuwa ameingia ndani ya methali na kutoka kwa mlango mwingine. Kwa maana "shamba liko wapi" ina pande mbili pia. Shamba lake mwenyewe liko, analijua kila mti wake, lakini liko mahali ambapo wakulima wanauawa wakiwa na jembe mkononi. Na hapa Mangina mashamba ya karibu yamejaa kakao. Mwenye kakao hawezi kung'oa miti ya miaka mingi ili mgeni apande maharagwe, na wenyeji nao wanaogopa mashamba yao ya mbali.

Kwa hiyo swali la mzee yule lilifungua mazungumzo ambayo ajenda yetu ya kurasa nne haikuyafungua. Walizungumza juu ya kibarua: unalipwa kiasi gani kwa siku, na kwa nini mhamaji hupewa kidogo kuliko mwenyeji kwa kazi ileile. Wenye nyumba watatu walikubali kuazima sehemu ndogo nyuma ya nyumba kwa mboga za msimu mmoja. Wengine walikataa, nao walieleza sababu: mwaka uliotangulia waliazima, na wakati wa kurudisha ulileta maneno. Suala la malipo ya kibarua bado liko mbele ya viongozi wa kartie.

Mtego usioteguka

Kuna vitendawili vinavyoleta ugomvi. Wanaosoma Biblia wanaijua habari ya Samsoni, katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 14. Siku ya arusi aliwatega wageni thelathini wa mji wa bibi yake, na zawadi ilikuwa nguo. Lakini kitendawili chake kilihusu simba aliyemwua mwenyewe na asali aliyoikuta katika mzoga, jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote. Hakuna aliyeweza kulijua. Wageni walipoona wanashindwa, walimtisha bibi yake kwamba watamchoma moto pamoja na nyumba ya baba yake. Alimbembeleza mumewe kwa machozi, jibu likatoka, na Samsoni akaenda kuua watu thelathini wa mji mwingine ili alipe nguo. Mwisho wake mashamba yaliungua, na yule mwanamke aliuawa kwa moto.

Tunaikumbuka habari hiyo kila tunapotayarisha mchezo wa jioni. Kitendawili ambacho jibu lake linajulikana na kabila moja tu, au na kijiji kimoja tu, kinawaweka wengine nje ya mlango. Kama kimetungwa kwa Kinande, kielezwe kwa wasioijua lugha hiyo kabla ya kutegwa, au kiachwe kwa siku nyingine. Na kitendawili ambacho jibu lake ni kundi la watu, kama "wahamaji", "Wambuti" au jina la kabila lolote, tunakikataa hata kama ni cha kuchekesha. Jibu liwe kitu: sufuria, bido, kiatu, radio, kiti, chukudu. Sufuria haikasiriki.

Vijana wametuuliza pia juu ya kinyume, mchezo wa Zanzibar ambamo silabi ya mwisho ya neno inatangulizwa: "maji" inakuwa "jima", "kiti" inakuwa "tiki". Ni mchezo mzuri darasani, unawazoesha watoto kugawa maneno. Lakini tunawasihi msiucheze njiani. Kwenye bariere, askari anayesikia vijana wakiongea lugha asiyoielewa hana haja ya kujua kwamba ni mchezo.

Mkitaka kuanza

Haihitaji fedha. Familia mbili zinazochota maji pamoja zinatosha, kabla giza halijaingia sana, na kila mtu arudi kwake mapema. Mzee atangulie, mmoja wa wenyeji na mmoja wa wahamaji wakipokezana, ili wasiwepo wenye nyumba wa mchezo. Vitendawili vya vitu viwe vya kwanza, vya maneno vifuate watu wakiwa wamechangamka. Waulizeni watoto watunge vyao kwa vitu wanavyoviona kila siku. Watawashangaza.

Desturi ya pwani, Tanzania na Kenya, ni kwamba wanaoshindwa kutegua wanaombwa mji. Anayetega anasema, "Nipeni mji." Wanamtajia mji wowote, naye anajifanya amesafiri kwenda huko, amekula na kunywa, kisha anatoa jibu. Tuliogopa kuiingiza hapa. Tuliwaza, mtoto aliyekimbia kwao atajisikiaje akisikia "nipe mji"? Tukaamua kwamba hakuna mtoto atakayelazimishwa kutaja kwao. Anayetaka mwenyewe ataje.

Mwezi uliopita tulikuwa tena katika kiwanja kile cha seremala. Msichana mmoja wa familia iliyotoka njia ya Mambasa alitutega sisi wenyewe: "Nyumba yangu inapiga makofi usiku kucha, lakini haina mikono." Tulijaribu mabati. Tulijaribu mlango mbovu. Tulishindwa, akataka mji.

Tukampa Beni. Akasema ni kilometa 30 tu, amekwisha kufika. Tukampa Kinshasa. Akasema haendi, hana nauli ya ndege. Tukampa Paris, akasema kuna baridi. Wenyeji wakaona wamsaidie, wakapiga kelele wote: "Twaa Mangina!"

Alifikiri kidogo. "Mkinipa Mangina, ninyi mtalala wapi?"

Watu walishika mbavu. Yeye alingoja watulie, akasema basi wabaki, atawapokea. Kisha akatoa jibu: bashi, wakati wa upepo.